Bado Kidogo

Ukitaka kujua Mwenyekiti amelala wapi, usiulize watu. Sikiliza redio.

Ilikuwa redio ya zamani yenye mkanda wa ngozi, na mwenyewe aliipenda kuliko viatu vyake. Ua ulikuwa mmoja, nyumba mbili zikitazamana, katikati bomba la maji. Siku mbili redio ilizungumza upande wa Mwalimu, mke mkubwa. Siku mbili ilizungumza upande wa Fundi, mke mdogo, aliyekuwa akishona nguo za watu. Jua lilipozama siku ya kubadilisha, Mwenyekiti alivuka ua redio ikiwa kwapani, akipita kando ya bomba kwa mwendo wa mtu anayekagua gwaride. Majirani walicheka, ila walicheka kwa adabu, maana alikuwa mwenyekiti wa chama tawala katika kata nzima, na huwezi kujua lini utahitaji barua yake.

Sheria ya zamu aliitunga Mwalimu mwenyewe. Siku mumewe alipomletea habari za mke wa pili, hakulia mbele ya mtu. Alilia bafuni, akanawa uso, akaita wazee wa pande zote, kisha akasema masharti yake kwa sauti ileile aliyotumia shuleni, alikokuwa mwalimu mkuu. Wake wawili, basi, wa tatu hakuna. Siku mbili kwa mbili. Jua likizama zamu imekwisha, hakuna cha mvua wala cha usingizi. Mwenyekiti aliapa. Kwa jinsi alivyokuwa amependa siku zile, hata angeambiwa atafune kokoto angetafuna.

Lakini masharti ni ya mdomo, na moyo una mambo yake. Mwalimu alikuwa na wivu, wivu hasa, ule wa kumfanya mtu mzima achungulie dirishani. Alimwonea Fundi wivu kiuno chake, akamwonea wivu cherehani yake iliyoanza kuimba alfajiri, na zaidi ya yote akamwonea wivu kicheko, kwa sababu Fundi alicheka bila kujizuia, nao watu wakamfuata kucheka hata kabla ya kujua kuna nini. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita jina lolote. Akimtaja, alisema "yule wa ng'ambo." Kila asubuhi bombani Fundi alimwamkia, "Shikamoo, dada," naye Mwalimu akajibu "Marahaba" huku akiiangalia ndoo.

Mwaka ule mambo yakaharibika. Ilifika siku ya zamu ya Mwalimu, jua likazama, redio ikaendelea kunguruma kulekule ng'ambo. Chakula kikapoa, mwenye chakula akapata moto. Asubuhi Mwenyekiti alipopita, alikuwa na jibu tayari.

"Bado kidogo, mama watoto. Kampeni zimenibana. Kesho."

Kesho ikawa vilevile. Na hilo neno hakulitunga yeye, alilitoa kwenye fulana. Rais wa nchi alikuwa anamaliza muhula wake wa pili, katiba inamwambia aage, naye akaona barabara fulani haijaisha na daraja fulani linamhitaji yeye binafsi. Ikaitishwa kura ya maoni: ukomo wa mihula miwili uondolewe, Ndiyo au Hapana? Mtaa mzima ukavishwa fulana za bure zenye maneno mawili kifuani, BADO KIDOGO. Mwenyekiti ndiye aliyezigawa.

Mwalimu hakuhangaika sana na katiba. Alihangaika na redio. Alikaa kizani mlangoni akiisikiliza ikitoa hotuba kutoka nyumba ya mwenziwe, na kila mtangazaji alipotaja uzalendo, yeye aliwaza kiuno. Faraja yake ilikuwa moja. Alipofua mashati ya mumewe alikuta mifukoni pakiti za vidonge vya kichwa, nyingi, hata hazijafunguliwa. Kumbe huko ng'ambo anaumizwa kichwa, akajisemea. Siku hiyo alifua huku akiimba.

Wiki ya kura ilipofika, Mwenyekiti alimfuata ofisini kwake shuleni mchana kweupe, redio kwapani. Akaiweka juu ya meza, juu ya madaftari ya watoto, akavuta kiti.

"Leo si zamu yangu," Mwalimu akasema.

"Zamu, zamu. Mtu haruhusiwi kumkumbuka mkewe?" Akacheka peke yake, kisha akasogea. "Nina jambo, tena dogo. Kituo cha darasa la nne utakisimamia wewe kama kawaida. Upande wa Hapana wataleta wakala wao. Kitambulisho chake hakitakuwa na muhuri wa wilaya."

"Kwa nini hakitakuwa nao?"

"Muhuri umepotea." Alitazama dari. "Nadhani utaonekana kura zikishapita. Sasa wewe mwongozo unaujua. Wakala bila muhuri haketi ndani. Mtoe, basi. Hujaiba, hujavunja sheria. Jioni watu wangu watakuja kukusaidia kuhesabu."

Mwalimu hakuwa mtoto. Alijua msaada wa namna hiyo unavyohesabu. Kituo chenye jicho la upande mmoja tu kinaweza kuzaa kura ambazo hakuna aliyezipiga. Alipaswa kumwonyesha mlango. Badala yake alisikia mdomo wake mwenyewe ukiuliza:

"Na mimi napata nini?"

"Wewe redio itakaa kwako," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Moja kwa moja. Yule nimechoka naye, kichwa kinaniuma kutwa. Zamu tuziache, mke wangu. Sisi ni watu wazima."

Msicheke. Kuna wanaouza nchi kwa shamba na gari, na historia inawajua. Mwalimu alikubali kuuza darasa moja ili asikie redio upande wake wa ua.

"Sawa," akasema.

Jioni hiyo Mwenyekiti aliiacha redio mezani kwake kama rehani, akasema anawahi mkutano. Mwalimu akaifungulia sauti mpaka mwisho. Ng'ambo, cherehani ikanyamaza. Akajua yule anasikia, na moyo wake ukajaa utamu ambao hangeweza kuueleza kwa mtu yeyote anayemheshimu. Alilala fofofo, mume akiwa hajarudi.

Siku ya kura alifika shuleni mapema, akapanga madawati, akalifungua sanduku na kuligeuza kifudifudi watu waone halina kitu, kisha akalifunga. Wakala wa Ndiyo alikuwa ameshakaa, mzee mmoja aliyeitwa Kofia kwa sababu kofia yake haivui hata akiwa ndani. Kiti cha wakala wa Hapana kilikuwa kitupu. Ndipo mtu akabisha mlangoni, na Mwalimu alipoinua macho, alikuwa Fundi.

Alivaa gauni aliloshona mwenyewe, limemkaa pale pale linapotakiwa kukaa. Shingoni kitambulisho, mkononi barua.

"Shikamoo, dada. Mimi ndiye wakala wa Hapana."

Mwalimu alikitazama kitambulisho. Mahali pa muhuri palikuwa peupe. Ile furaha iliyompanda hata yeye ilimtisha. Miaka yote amemeza, leo Mungu kamletea huyu mwanamke mlangoni, hana muhuri, na sheria yote iko upande wa mke mkubwa.

"Hakuna muhuri," akasema, akihakikisha foleni nzima inasikia. "Huketi humu. Askari, mtoe."

Askari, mwanamke mrefu asiye na maneno, akamwonyesha Fundi benchi la barazani. Kofia akatabasamu. Fundi hakubishana. Aliketi nje ya dirisha, na asubuhi nzima Mwalimu alipoinua macho aliona kisogo chake, na kila alipokiona alijisikia vizuri tena.

Mchana foleni ilipopungua, alimwachia karani meza, akatoka kwenda kunywa maji kwenye tangi la shule. Fundi akamfuata.

"Dada, homa imepungua?"

"Homa gani?"

"Si unaumwa? Mwezi mzima huu una homa. Kila ikifika zamu yangu, anakuja kuiweka redio, anasema Mwalimu ana homa, nakwenda kumtazama mara moja."

Mwalimu alishusha kikombe. "Mimi sijaumwa hata mafua. Mwezi mzima mume alikuwa kwako. Zamu zangu zote umezila wewe, redio inanguruma nasikia!"

"Redio, ndiyo," Fundi akasema. "Redio ilikuwa kwangu. Ikiwa zamu yako ananiambia, niwekee hapa hapa, usiizime, nitarudi kusikiliza habari. Anatoka kwa mlango wa nyuma. Mpaka wiki iliyopita mimi najua yuko kwako. Nakaa na redio yangu, nakulaani. Unisamehe, dada, nilikulaani vibaya sana."

Walitazamana. Maji yalikuwa yakimwagika kwenye tangi, na hakuna aliyeukumbuka mfereji.

"Kwangu hakuwepo," Mwalimu akasema.

"Na kwangu hakuwepo."

"Sasa alikuwa wapi?"

Fundi alifunga mfereji kwanza. "Wiki iliyopita alikuja mteja, msichana wa duka la dawa. Ana kitambaa cheupe, anataka nguo ya harusi. Hakujua mimi ni nani. Nikampima, mabega, kifua, kiuno. Mzuri, dada, sina la kumtoa. Nikamuuliza kama tunavyowauliza wote, bwana harusi nani? Akanitajia kwa raha zake. Nyumba imeshaezekwa, anasubiri kura zipite tu. Ameambiwa mambo ya wake wawili wawili yamepitwa na wakati."

Vidonge vya kichwa. Mwalimu aliviona vyote kwa pamoja, pakiti kwa pakiti, na yeye amesimama juu ya beseni anaimba. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hapa kilikuwa mfukoni kabisa, na yeye alikitoa, akakianika pembeni, akafua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Salamu yangu huijibu, unaijibu ndoo."

Hilo lilimpata. Aliangalia kikombe, kama alivyozoea kuiangalia ndoo.

"Ndipo nikaenda kwa hawa watu wa Hapana," Fundi akaendelea. "Nikawaambia sijui siasa, ila naujua mchezo huu. Dada, mimi siku zangu mbili nilizipata kwa sababu wewe uliweka sharti. Lilikuwa likiniuma, lakini nililishika. Jua likizama nilimwambia baba watu nyanyuka, leo kwa mwenzangu. Anapoanza kuongeza, haongezi kwako wala kwangu. Anajiongezea yeye."

Nisimpambe Mwalimu. Si katiba iliyomsimamisha pale tangini. Ulikuwa wivu uleule, ila sasa umepata mlango mwingine wa kugonga. Aliwaza kitambaa cheupe. Akawaza ahadi aliyopewa ofisini, na akaona kwamba Mwenyekiti hakumdanganya hata kidogo. Redio ingekaa kwake moja kwa moja. Redio tu. Na watu wa kumsaidia kuhesabu wangekuja, na kesho yake asingekuwepo mtu yeyote, si katika nyumba ile wala katika nchi, mwenye haki ya kumwambia mwingine kwamba siku zako zimetosha.

Alirudi darasani, Fundi nyuma yake. Askari akasita.

"Mwongozo una kifungu cha pili," Mwalimu akasema. Asubuhi alikikumbuka, ndiyo maana hakuufungua. "Wakala asiye na muhuri atakubaliwa kwa barua yake, iwapo msimamizi anamfahamu binafsi na atasema hivyo mbele ya watu. Mimi namfahamu."

Kofia akainuka kidogo. "Unamfahamu kama nani? Mwongozo unataka useme."

Hakukuwa na mtu katika foleni ile asiyejua jibu, na hakukuwa na aliyewahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Mwalimu alihisi masikio yanawaka.

"Ni mke mwenzangu," akasema. "Aketi."

Fundi akaketi. Hakutabasamu, na Mwalimu alimshukuru kwa hilo.

Saa ya kufunga ilipofika, askari alifanya kama taratibu zinavyotaka. Alitoka akaenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni, bibi mmoja mwenye bakora. Aliye mbele ya askari anapiga kura, aliye nyuma yake amechelewa. Bibi alikuwa bado hajafika mlangoni lori lilipoingia uwanjani limejaa watu wa fulana ambao hakuna mtu wa mtaani aliyewatambua. Mwenyekiti akaruka chini.

"Mwalimu! Bado kidogo! Hawa wapiga kura, gari liliharibika njiani."

"Askari amesimama nyuma ya wa mwisho."

"Muondoe. Dakika chache tu." Akasogea mlangoni, akashusha sauti. "Mke wangu, tulikubaliana."

"Tulikubaliana mengi. Mengine mbele ya wazee."

Ndipo Mwenyekiti alipochungulia ndani akamwona Fundi kwenye kiti. Uso wake ukabadilika mara mbili.

"Unamlinda huyu? Huyu ndiye aliyekunyang'anya mume!"

"Huyu alichukua siku mbili," Mwalimu akasema, na ilikuwa kweli, na ilikuwa bado inauma. "Hakuongeza hata moja. Kichwa chako kikikuuma, nenda duka la dawa."

Mwenyekiti alirudi hatua moja nyuma. Bibi mwenye bakora akampita ubavuni, akapiga kura yake, akatoka.

"Zamu imekwisha, Mwenyekiti," Mwalimu akasema, akafunga mlango.

Ndani walihesabu. Kila karatasi aliinua juu, akaisoma kwa sauti, akawageuzia mawakala wote wawili waone. Nje watu wa fulana walipiga kelele, kisha wakachoka, kisha wakauliza nani anawalipa nauli ya kurudi. Hapana iliishinda Ndiyo. Kofia alivua kofia yake kujifuta jasho, wote wakaona ana upara, akatia saini. Fundi alitia saini akibonyeza kalamu kama anayeogopa itatoroka. Mwalimu akabandika matokeo kwenye mlango wa darasa, apitaye asome.

Kesho yake, jua lilipokuwa linashuka, redio ilikuwa juu ya ukuta mdogo wa bomba, katikati ya ua. Mwalimu ndiye aliyeitoa nje. Ilisema Hapana imepita nchi nzima, ukomo wa mihula unabaki. Ikasema Rais anawashukuru wananchi na atayatafakari matokeo hayo kwa muda. Mwalimu alisonya. Kutafakari nako kuna bado kidogo yake.

Mwenyekiti aliingia na shati lililokunjamana. Akasimama kati ya milango miwili, mke mmoja kila mlango.

"Leo zamu ya nani?" akauliza.

Mwalimu alimwonyesha bomba kwa kidevu. Akaifuata redio, na alipoinyanyua akaona chini yake kitu kimekunjwa vizuri, cheupe, kimepigwa pasi.

"Ya mteja wangu," Fundi akasema kutoka mlangoni pake. "Nimemaliza. Kazi ni kazi. Mpelekee."

Mwenyekiti alimtazama Mwalimu, na Mwalimu alijua kwamba neno moja lingetosha, hata kikohozi. Alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza. Mwenyekiti akaweka redio kwapani upande huu, nguo kwapani upande ule, akatoka getini.

Hakuizima. Mwalimu aliisikia ikipita kwenye ukuta wa jirani, ikipita dukani, ikiteremka barabara ya duka la dawa. Alikuwa na wivu kuliko siku yoyote ya maisha yake, na hakujidanganya kwamba utapita kesho. Alisimama mlangoni akiikazia sikio mpaka ikawa mnong'ono, mpaka ikapinda kona, mpaka hakuna. Ndipo akaufunga mlango wake.

Na ng'ambo ya ua, wakati uleule, akasikia mlango wa Fundi nao ukifungwa.